Penseli ya Sista Zeina

“Sista, kwa nini hapa unaandika kwa penseli?”

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimesimama kando ya kitanda cha baba katika wodi ya wanaume ya hospitali moja mjini Malindi. Niliyemuuliza alikuwa Sista Zeina Taib. Mambo mengine yote aliyaandika kwenye chati kwa kalamu ya wino wa buluu: joto la mwili, mapigo ya moyo, dawa na saa yake. Kisha akatoa mfukoni daftari lake mwenyewe, dogo, lililofunikwa kwa nailoni ya maua kama ile ya mezani, akachomoa chini ya mtandio wake penseli iliyochongwa kwa wembe, akaandika mstari mmoja. Mmoja tu.

Aliniangalia kwa juu ya miwani. “Mtoto wa nani wewe, mwenye macho ya askari kanzu?”

“Wa huyu hapa.”

“Basi acha huyu aamke kwanza. Tukijaaliwa tutaambizana.” Akaenda zake kitanda cha pili.

Baba yangu, Mramba, ni mgema. Nasema ni, ingawa sasa hapandi. Wakati ule tulikaa Dabaso, na kila alasiri alipanda minazi saba, akateremsha tembo katika kidumu kilichofungwa kamba. Kidumu kikishuka lazima awepo mtu chini wa kukipokea, na mtu huyo nilikuwa mimi. Mama hakujua. Mama ni mtu wa kanisa, habari za tembo hataki hata zipite karibu na masikio yake, na alidhani saa hizo niko kwa mwalimu wa masomo ya ziada. Mwalimu alikuwepo kweli. Mimi ndiye sikuwepo.

Siku aliyoanguka sikuwa chini ya mnazi wala kwa mwalimu. Nilikuwa nikicheza mchezo wa kati na wenzangu, zamu yangu ikawa nzuri, sikuguswa na mpira hata mara moja. Baadaye nilifikiri hivi: baba aliita, akangoja, akaita tena, halafu akaamua kushuka na kidumu mkononi. Hakuna aliyeniambia kwamba ilikuwa hivyo, na mimi sikumwambia mtu.

Picha ya kichwa ilionyesha ubongo umevimba na kuvuja damu kidogo. Si ya kupasuliwa, walisema madaktari, ni ya kungoja. Ilikuwa likizo ya Agosti na mama hakuwa na pa kuniacha, kwa hiyo nami nilingoja. Mtoto anayengoja huuliza maswali, na maswali yangu yote yalimwangukia Sista Zeina.

Siku ya tatu alichoka kunikwepa, akaniambia njoo nikuonyeshe.

“Fahamu za mtu sisi twazipima kwa vitu vitatu. Macho, sauti, mikono. Macho nayapa mpaka nne, sauti mpaka tano, mikono mpaka sita. Jumla?”

“Kumi na tano.”

“Wewe hapo ulipo ni kumi na tano. Na mdomo wako huo, labda kumi na sita.”

“Na hiki kitanda?”

Alicheka hadi akavua miwani. “Kitanda chapata tatu. Hakuna sifuri hapa, mwanangu. Hata gogo lapata tatu.”

Nilishangaa sana, mtihani ambao hata gogo halipati sifuri. Nikauliza baba ana ngapi. Macho hufungua akifinywa tu, mbili. Anatoa sauti isiyoeleweka, mbili. Mkono ukifinywa anauvuta, nne. Nane.

“Nane ni kufaulu?”

Hapo hakucheka. Alivuta shuka la baba likakaa sawa, ingawa lilikuwa limeshakaa sawa.

Siku ya tano aliitwa ghafla kitanda cha mwisho, akaacha daftari lake kwenye toroli ya dawa. Lilikuwa wazi. Sikuligusa, nililisoma tu. Juu palikuwa na jina la baba na tarehe kwa wino, na nane. Chini yake kwa penseli: *Ataishi. Hatawajua watu wake.*

Hatawajua watu wake. Niliyasoma mara mbili. Kisha nikalamba kidole nikakipitisha juu ya yale maneno ili yatoke. Hayakutoka. Yalifanya doa la kijivu kama wingu la mvua, na bado yalisomeka.

Aliporudi alilitazama doa. Akanitazama mimi, kidole nimekificha nyuma.

“Nani amelamba daftari langu?”

Hakungoja jibu, akalifunga, akalitia mfukoni. Baada ya muda nilihisi kitu kwenye kiganja changu, hamri moja, bado la moto, limefungwa kwa karatasi. “Kula. Ulimi wenye chakula haulambi vitu vya watu.”

Nilikuja kuyajua mengi juu yake, kwa kuwa ukimuuliza juu ya ugonjwa alijibu nusu, lakini ukimuuliza juu yake mwenyewe alijibu yote. Alizaliwa Shela, pale pale Malindi. Baba yake, mzee Taib, alikuwa fundi cherehani, na binti yake alipotaka kwenda kusomea uuguzi alimwambia sharti moja, sare nitakushonea mimi. Akamshonea sita, na kila moja ina mfuko wa ndani ambao sare za hospitali hazina. Humo ndimo lilimokaa daftari. Kila asubuhi ndugu yake Azim alimleta kwa pikipiki, ameketi upande, chupa ya chai ya tangawizi mapajani. Wagonjwa walioumia kichwa walikuwa wake. Hakuna aliyempa, aliwazoea tu wenzake walipowakimbia, maana wagonjwa hao hutukana, hupiga, huvua nguo. “Mgonjwa wa kichwa,” aliniambia, “ni kama mtu aliyefungiwa chumbani na ufunguo umepotea. Watu wa nje wagonga mlango na kusema hamna mtu. Mimi naweka sikio.”

Lakini kwa baba, hata yeye alikuwa bado hajasikia kitu.

Ilikuwa siku ya kumi, Ijumaa. Baba mdogo Kambi alikuja kutoka Kaloleni na shati la kikao. Mama akasimama upande wa kichwa, mimi miguuni. Daktari wa zamu alikuwa Daktari Ochola, kijana mrefu wa kutoka Kisumu, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alisema siku kumi zimepita na nane ni ileile. Hawezi kuahidi. Familia ikitaka kuendelea, wataendelea. Ikitaka kumchukua nyumbani, kuna karatasi ya kutia sahihi.

“Tumrudishe Kaloleni,” alisema baba mdogo. “Kama ni kulala, alale kwao. Kule kuna watu wa kumtazama, hapa kuna mashine tu.”

“Akiondolewa hii mipira ya puani atakula kwa njia gani, baba?” aliuliza Sista Zeina.

“Atakula atakachojaliwa.”

Kila mtu alielewa maana yake. Hata mimi. Nilijua baba akipakiwa kwenye gari siku ile, basi ndiyo kwaheri.

Wakati huo baba alitoa sauti. Ilikuwa ileile ya siku zote, ya chini, imekwama kooni, inapanda na kushuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika ncha ya shuka na kuikaza. Daktari akasema taratibu, “Ni sauti tu. Inaumiza kusikia, lakini si maneno.”

“Ni maneno,” alisema mama.

Wote tukageuka. Mama alikuwa anatazama dirisha.

“Siku tatu nimenyamaza. Nilisema labda masikio yangu. Anaita wanawake.” Akaikaza leso kiunoni kwa hasira na aibu pamoja. “Dama. Sidi. Kache. Miaka kumi na nne nimempikia, na sasa yuko mlangoni pa kaburi anaita Dama.”

Baba mdogo akakohoa. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mzee aliyevunjika paja, alijiinua kwa kiwiko asipitwe na neno. “Wanawake watatu,” akasema kwa heshima kidogo.

“Saba,” nikasema mimi.

Sijui nilitoa wapi ujasiri. Mama alinitazama kana kwamba nimemmwagia maji.

“Wako saba, mama. Si wanawake. Ni minazi.”

Hapo ikabidi nitoe yote. Kwamba baba ameipa kila mnazi jina, maana mnazi usioujua kwa jina, husema, utakutupa. Kwamba huanza kwa Dama ulio karibu na njia, halafu Sidi, Kache, Kadzo, Mbodze, Jumwa, akamaliza kwa Nyevu uliopinda. Kwamba siku zote hufuata mpangilio huo, haruki. Na kwamba nayajua haya kwa sababu sikuwa kwa mwalimu. Hapo nikainama, nikamalizia chini kwa chini: siku ile nilikuwa nacheza kati.

Hakuna aliyenipiga. Sista Zeina alishainama, sikio lake karibu na mdomo wa baba, mkono umeinuliwa watu wanyamaze. Tukasikiliza sote. Ukijua unachosikiliza, kilikuwa wazi kabisa, katika lafudhi yetu ya nyumbani. Dama. Sidi. Kache. Kadzo. Mbodze. Kimya. Kisha tena kutoka Dama. Hakuwahi kufika kwa Jumwa.

“Alianguka kutoka wapi?” Sista aliuliza bila kuinuka.

“Mbodze.”

“Ya Rabbi,” alisema kwa sauti ndogo. “Mtu huyu yuko kazini.”

Daktari Ochola alikuwa amekunja uso, akifikiri. “Sawa, nimekosea, ni maneno. Niongeze moja, inakuwa tisa. Lakini maneno yanaweza kujitokea tu. Hafuati amri. Kila siku tunamwambia afinye kidole, hafinyi.”

Nikauangalia ule mkono wa kulia na shuka lililosokotwa ndani yake. Nilikuwa nimeliona kwa siku kumi. Mbona sikuliona?

“Ameshika kamba,” nikasema.

“Kamba gani?”

“Ya kidumu. Haachii mpaka aambiwe.”

“Aambiwe nini?”

Nikaenda kwenye sikio la baba. Nilimwambia kwa lugha yetu neno nililokuwa nikilipaza kila alasiri kutoka chini, mikono imeelekea juu: “Baba, nimeshika.”

Vidole vikafunguka. Kimoja, kingine, vyote. Shuka likaanguka.

“Bahati,” alisema daktari, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. Akalisokota shuka mwenyewe, akalirudisha kiganjani. Baba akakaza. “Mzee, achia,” akaamuru. Hakuna kitu. “Mama, hebu sema wewe.” Mama akasema, “Baba Purity, achia,” akimwita kwa jina langu kama siku zote, na machozi yakawa yanamshuka. Hakuna kitu. Daktari akanitazama.

“Nimeshika.”

Vidole vikafunguka. Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu mzee wa paja alipiga makofi.

“Anafuata amri,” alisema Daktari Ochola. “Sita. Tulikuwa tunamwamuru kwa neno lisilo lake.” Akahesabu kwa vidole kama mtoto wa shule. “Mbili, tatu, sita. Kumi na moja.” Akaandika kwenye chati, kisha akamgeukia baba mdogo na kumwomba, kweli alimwomba, ampe wiki mbili. Baba mdogo alimtazama kaka yake kwa muda mrefu. Akavua lile shati la kikao akabaki na fulana, akavuta kiti, akaketi.

Sista Zeina alitoa daftari. Mpira wa kufutia alikuwa nao, kipande kidogo cheusi kwa kutumika. Alifuta ule mstari, doa langu likabaki. Akaandika mwingine, akakinga kwa kiganja nisisome.

Tangu asubuhi iliyofuata alimwamkia baba namna mpya. Badala ya “habari za kulala” alikuwa anasema “Dama”, akangoja. Baba akasema “Sidi.” Wakaenda hivyo hadi Mbodze, pale baba akanyamaza, na yeye hakumsukuma. “Angalia maajabu,” alimwambia mama. “Mimi binti wa Shela, tembo silijui rangi, sasa nayajua minazi ya watu kwa majina yao.” Siku ya kumi na tisa baba alisema Jumwa. Siku ya ishirini na moja alifumbua macho akaniangalia, akaniuliza kidumu kiko wapi.

Alinijua. Alimjua na mama pia, ingawa alimwita kwa jina la dada yake mwenyewe kwa wiki nzima, na mama, baada ya zile habari za Dama, aliitika tu.

Tulipotoka, Sista Zeina alitusindikiza hadi mlango wa wodi. “Miezi sita. Mje mnione. Awe hajambo, awe hajiwezi, mje. Mimi nataka kujua.” Mama akasema inshallah, yeye mtu wa kanisa.

Hatukwenda. Mgema asiyepanda hana kazi Dabaso, tukahamia Kaloleni kwenye shamba la babu. Simu iliyokuwa na namba ya sista iliingia kisimani. Na mama, kila nilipolitaja jina la hospitali, alikumbuka ana nguo kwenye kamba. Nadhani aliogopa kwamba tukirudi kuonyesha kuwa amepona, wataona kitu ambacho sisi hatujakiona.

Maana hakupona kama watu wanavyosema kupona. Mkono wa kushoto umelala mpaka leo, humwangukia pembeni kama wa mtu mwingine. Harufu hasikii, chakula kikiungua sisi ndio tunapiga kelele. Hukasirika kwa jambo dogo, halafu husahau alikasirikia nini, akatutazama kwa aibu. Lakini anasuka makuti kwa mkono mmoja na vidole vya mguu, na amepanda miche ya minazi nyuma ya nyumba. Yote ina majina. Mmoja ni Zeina. Ndio unaokua polepole kuliko yote, na ndio anaoumwagilia zaidi.

Aprili hii, likizo, nikiwa kidato cha tatu, baba alisema anataka kuwaona kina Dama. Nikampeleka. Minazi inagemwa na kijana aitwaye Ziro, aliyetuachia shamba kwa heshima akaenda kukaa mbali. Baba aligusa kila mmoja. Kwa Mbodze alikaa kidogo zaidi, akaugonga kwa kiganja kama unavyomgonga rafiki begani. Kisha akaniambia, “Malindi si mbali. Yule mama wa penseli yupo?”

Alikuwepo. Nywele zilizochungulia kwenye mtandio zilikuwa na mvi, na sare ilikuwa na ule mfuko wa ndani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba ya haraka ya mtu mwenye kazi. Halafu akamwona aliye nyuma yangu. Alimtazama mkono wa kushoto, miguu, macho, kwa mpangilio, namjua, alikuwa anapima.

“Dama,” akasema.

“Sidi,” akajibu baba.

Walikwenda mpaka Nyevu bila kusimama, katikati ya ukumbi, watu wakipita na machela. Walipomaliza alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Daftari letu lilikuwa kwenye droo, chini ya mengine manne. Nailoni ya maua imepauka. Alipekua akipita kurasa za watu, na nikaona kwamba kila ukurasa una mstari wa penseli, na chini yake mistari ya wino kwa miandiko tofauti, mingine ya mtu mzima, mingine imejikunja kama ya mtoto. *Nimerudi shambani. Mke wangu anasema nimekuwa mkali. Alifariki mwezi wa nne, tunashukuru.* Mmoja una alama ya dole gumba tu.

Ukurasa wa baba ulikuwa na doa langu. Juu ya doa, kwa penseli: *Atawajua. Hatapanda.* Chini yake palikuwa patupu, karatasi nyeupe imengoja miaka sita.

“Sista,” nikasema, “siku ile hukunijibu habari ya penseli.”

“Siku ile ulikuwa na ulimi mchafu wa risasi ya penseli.” Akavuta kiti, akamketisha baba mezani. “Mwaka wangu wa pili wa kazi nilimwandika mtu kwa kalamu: hatatembea. Nilikuwa na hakika, hesabu zote zilisema hivyo. Miezi ikapita, akaja kwa miguu yake mpaka mlango ule, kuku kwapani, akaniambia nasikia una daftari, hebu nione ulichonisema. Nikaona haya, nikamwambia limepotea. Kuku nikamla, mwanangu, wala sikumwonja utamu. Tangu hapo yangu mimi ni ya penseli. Wino ni wa mwenyewe.”

Akamwekea baba kalamu ya buluu katika mkono wa kulia. Daftari likateleza mezani, maana mkono wa kushoto haukuweza kulizuia. Sista Zeina akalibana kwa viganja vyake viwili.

“Haya, Mramba, andika polepole. Nimeshika.”